Kanda za Redio Katika Tanuri la Mikate

Alhamisi, 25 Oktoba

Mama, shikamoo. Hujambo huko uliko? Kifua je, kimetulia? Natumaini huko hakuna vumbi la mgodi wala baridi kama hii ya kambi yetu ya Uma Pata. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu na Bikira wa Mgodini. Miguu yangu tu ndiyo inavimba. Tanuri lako linawaka vizuri, ila mlango wake umeanza kulia tena.

Nimenunua daftari hili ili nikuandikie kila siku mpaka Siku ya Marehemu. Mwaka wako wa tatu huu, Mama. Wa mwisho. Unajua mwenyewe utaratibu wetu: miaka mitatu roho inaandaliwa meza kubwa, mwaka wa tatu inaagwa moja kwa moja. Baada ya hapo utakuwa marehemu wa kawaida kama wengine.

Sasa habari. Kanda za redio zimepatikana! Zile zilizofichwa mgodini mwaka wanajeshi walipoizingira kambi. Sote tulidhani zililiwa na panya. Vijana wa ushirika wamebomoa ukuta kwenye shimo la zamani, wakakuta masanduku yamepangwa kama majeneza. Migomo yote imo. Viongozi wa chama cha wachimbaji. Yule mchimbaji mshairi aliyekuwa akisoma beti zake saa ya chakula mpaka supu zinapoa. Kamati yenu ya Wake wa Wachimbaji. Watu wamelia mtaani.

Ameletwa binti kutoka La Paz, anaitwa Wara. Kazi yake ni kuokoa kanda zilizozeeka. Ana kipini puani na mashine mbili. Mzee Ubaldo, mwenyekiti wa Redio Taa, akaita mkutano ukumbini. Akasema tarehe mosi, saa sita mchana kamili, roho zinapoingia nyumbani, spika za juu ya paa la chama zitatoa sauti moja. Moja tu, ya kuwapokea. Nyingine zitafuata alasiri. Alasiri! Wakati wanaume wote wameshalewa.

Hakumaliza sentensi. Bi Eduviges Colque alikuwa ameshasimama, shali imekaa sawasawa kama aliipigia pasi kwa ajili ya tukio hilo. Akasema bila shaka ni sauti ya baba yake, marehemu Nicanor, katibu wa chama. Naye ni mwaka wake wa tatu. Kumbuka alikufa wiki moja baada yako. Mpaka leo naamini alifanya makusudi.

Mama, nataka iwe yako. Nitakwambia kwa nini, maana hapa hasomi mtu. Nimeisahau sauti yako. Baada ya kile kiharusi ulikuwa huongei, unaninyooshea kidole tu, maji, blanketi, dirisha. Miaka ikapita hivyo. Sasa nikijaribu kuikumbuka ile ya zamani naisikia yangu mwenyewe. Picha yako ninayo. Sketi zako ninazo. Sauti sina.

Kwa hiyo nitashinda. Kwa njia za haki. Zikishindikana, Mungu ataangalia pembeni kidogo.

Ijumaa, 26 Oktoba

Mpango wa kwanza: chakula. Hakuna mtu wa La Paz asiyenunulika kwa pai ya nyama yenye mchuzi ndani. Nimeamka mapema, nimepika sinia zima, nimevaa kofia ya Jumapili, nimekwenda studio.

Wara hali nyama.

Hali nyama! Hata ya lama! Akasema kwa upole, mama, nisamehe, mimi nakula majani na mbegu. Nikamtazama vizuri. Anaonekana ana afya. Sielewi.

Mzee Ubaldo alizila zote. Mchuzi ulimtiririka kwenye masharubu. Akafuta kwa mkono, akasema ananishukuru sana, lakini suala la sauti ni la kamati, na yeye hawezi kushawishiwa. Akauliza kama zimebaki nyingine nyumbani.

Faida moja: nimeruhusiwa kuyaona maboksi. Nimepitia maandishi moja baada ya jingine, miwani puani, moyo mkononi. “Mkutano wa chama.” “Nicanor Colque, hotuba.” “Nicanor Colque, hotuba nyingine.” “Mashairi ya mchana.” “Mpira, fainali, sehemu ya pili.” “Nicanor Colque, salamu za Krismasi.” Huyu mwanamume alikuwa anarudi nyumbani kwake saa ngapi?

Jina lako hakuna. Popote. Saturnina Condo, uliyelala njaa na wenzako mbele ya lango la kampuni, hujaandikwa hata kwenye boksi la viatu.

Mzee Ubaldo aliliona boksi la mpira, akalipapasa kama mtoto wake. Ile fainali aliyodaka penalti! Akatuhadithia tena. Nimeisikia kila Kanivali tangu nilipokuwa na meno yote.

Nimerudi nyumbani nimemgeuza Mtakatifu Antonio aangalie ukutani. Kazi yake ni kutafuta vilivyopotea. Atageuzwa tena akishaanza kazi.

Jumamosi, 27 Oktoba

Mpango wa pili ni wa dini, kwa hiyo siuoni kama dhambi. Wote tunajua kwamba walokole hawaandai meza za roho, na roho ya mlokole hairudi kula mkate. Na wote tunajua kwamba Nicanor, mwishoni, alionekana mara kadhaa kanisani kwa walokole. Ni kweli kwamba walikuwa wanagawa blanketi. Lakini alionekana!

Nikamnong'oneza mama mmoja kwenye foleni ya unga. Mmoja tu. Nikamwambia sisemi kitu, nauliza tu: je, sauti ikamwite mtu asiyekuja?

Hiyo ilikuwa asubuhi. Alasiri umbeya ulinirudia mlangoni mwangu ukiwa umebadili nguo. Jirani akaja kunipa pole. Pole ya nini? Akasema amesikia marehemu mama yangu Saturnina aliokoka kwa siri, na ndiyo maana redio inakataa kupiga sauti yake.

Nikamuuliza kwa ukali nani kasema hivyo. Akasema kambi nzima inasema, na kwamba umbeya umeanzia kwenye foleni ya unga.

Jioni Bi Eduviges alipita mbele ya tanuri. Akasimama. Akasema, “Fortunata, mwenzangu, nimesikia habari za mama yako. Usijali. Mungu hapokei Wakatoliki peke yao.” Akaondoka akitingisha marinda.

Antonio bado anaangalia ukuta.

Jumapili, 28 Oktoba

Misa. Padri Eleuterio amehubiri juu ya ulimi. Alikuwa ananitazama mimi. Labda ni kwa sababu nakaa mbele.

Halafu, muujiza! Mashine ya Wara imeungua. Si ile ya kuchezea kanda. Ile ya kukaushia. Umeme wa kambi ulipanda ghafla ukashuka, na sanduku likatoa moshi. Wara amekaa kwenye ngazi za studio, mikono kichwani. Nikamuuliza, mwanangu, kulikoni. Akanieleza. Kanda zimekaa kwenye unyevunyevu wa mgodi muda mrefu, zinanata kama peremende. Ukizicheza hivyo zinabanduka na sauti inabaki kwenye mashine kama masizi. Lazima kwanza zipashwe joto. Joto dogo, taratibu, siku nzima, kisha zipoe usiku kucha.

Nikamuuliza joto dogo la namna gani. Akasema la kuku anayeatamia mayai, limezidi kidogo tu.

Mama! Hilo ni joto la tanuri letu siku ya pili baada ya mkate! Lile uliloniweka ndani yake nilipozaliwa kabla ya miezi kutimia, ukaniokoa!

Nimempeleka. Ameingiza mkono, ameingiza na kile kipimo chake, ameangalia, ameangalia tena. Amenikumbatia. Nami nimemwambia kwa unyenyekevu kwamba tanuri hili halijawahi kupoteza mkate wa mtu. Familia zote za kambi zinaleta unga wao hapa, kila mmoja na alama yake, na kila mmoja anarudi na mkate wake. Zile kanda nitaziwekea alama vilevile.

Bi Eduviges alikuja mbio na kusema ana jiko la gesi, jipya, lina kioo. Wara akasema gesi itazifanya kanda kuwa supu. Furaha yangu sitaki kuieleza, leo ni Jumapili.

Wara alisema na jambo jingine, eti nisiyaamini maandishi ya maboksi. Redio ilikuwa maskini, kanda moja ilirekodiwa juu ya nyingine mara nyingi. Walifuta misa wakaweka mkutano, wakafuta mkutano wakaweka muziki, na kilichobaki mwishoni mwa kanda hakuna ajuaye. Nilikuwa naitikia kwa kichwa. Nilikuwa nafikiria kuni.

Antonio nimemgeuza nusu. Anaona dirisha.

Jumatatu, 29 Oktoba

Kamati imekaa. Nicanor ameshinda. Mzee Ubaldo amesema kwa masikitiko, huku akichokonoa meno, kwamba hakuna kanda yenye jina la Saturnina Condo, na redio haiwezi kupiga kanda isiyokuwepo.

Nikasimama. Nikasema kama kanda haipo, binti yupo. Nitasoma maneno ya Mama kwa sauti ya Mama. Wakanitaka niwaonyeshe. Nikafunga macho, nikasali, nikafungua kinywa.

Sijui nini kilitoka. Mzee Ubaldo akakohoa. Mtu nyuma akauliza nani amemkanyaga bata. Bi Eduviges akasema kwa huruma, “Fortunata dada yangu, mkate wako una sauti kuliko wewe.” Ukumbi mzima ukacheka, na kibaya zaidi nami nikacheka, maana ilichekesha.

Lakini usiku kitandani sikucheka. Ningeijua sauti yako, ningeiigiza. Hilo ndilo lililoniuma.

Wara alinifuata nje. Akasema mama, usikate tamaa, maboksi ni mengi. Binti mzuri. Laiti angekula nyama.

Jumanne, 30 Oktoba

Siku ya mikate! Sina hata nafasi ya kukaa. Kambi nzima imo uani kwangu na mabeseni ya unga. Watoto wa mkate wenye nyuso za rangi. Farasi wa mkate wa kubeba mizigo ya roho. Ngazi za mkate za kushukia na kupandia. Kila familia na alama yake: wengine tundu la kidole, wengine msalaba, kina Colque jani la koka lililobanwa katikati, kama ilivyokuwa zama zako.

Bi Eduviges ameleta ngazi ya mkate ndefu kuliko mlango wa tanuri. Nikamwambia ikatwe. Akasema baba yake alikuwa mtu mkubwa. Nikamwambia kushuka si kazi ngumu, mizigo mizito hushuka yenyewe. Hakunisemesha mpaka jioni.

Ya kwako nimeikanda mwisho, kwa mkono wangu. Ngazi fupi, imara. Magoti yako nayakumbuka.

Jumatano, 31 Oktoba

Alfajiri tanuri limepoa vizuri. Wara amekuja na kanda. Amezitoa kwenye maboksi yake ya karatasi, zikabaki uchi, magurudumu ya kahawia yanayofanana yote. Tukazipanga kwenye sinia za mkate. Nikaweka alama kwa kipande cha unga pembeni ya kila moja: tundu, msalaba, mistari miwili. Hotuba ya Nicanor, jani la koka, ni haki yake. Mpira, kifungo cha shati. Wara akasema hajawahi kuona mfumo mzuri namna hii. Akaniachia maboksi na roho yake yote, akaenda kulala.

Siku nzima nimekaa mbele ya mlango wa tanuri na rozari. Nimesali mafungu yote. Na kati ya fungu la tatu na la nne, Mama, mpango ukanishukia wenyewe. Sikuutafuta. Ulikuja wakati nasali, kwa hiyo sijui nimlaumu nani.

Kanda zote zinafanana. Anayejua ipi ni ipi ni mimi na vipande vya unga. Wara amekataa kuzicheza leo kwa sababu lazima zipoe mpaka kesho. Alitaka kuzisikiliza kwanza kabla ya saa sita, lakini Mzee Ubaldo amesema roho hazisubiri majaribio, kanda itachezwa moja kwa moja hewani.

Basi. Jioni, wakati wa kuzirudisha, kanda ya kifungo imeingia kwenye boksi la Nicanor. Kanda ya jani la koka imeingia kwenye boksi la mpira. Mikono ni yangu.

Kesho saa sita, kambi yote imenyamaza, kengele imelia, na Bi Eduviges ataletewa mpira! Vurugu. Aibu. Mzee Ubaldo atazima. Ndipo mimi nitakaposogea kwenye kipaza sauti, nimevaa sketi yako ya zambarau, nisome maneno yako. Sauti nitaijaribu ya chini zaidi, isifanane na bata.

Hakuna aliyeumia. Nicanor atasikika alasiri, akiwa amepumzika.

Nimemwambia Antonio asante, nimemgeuza kabisa. Anaonekana kama hataki kunitazama.

Alhamisi, 1 Novemba. Watakatifu Wote

Naandika kwa shida. Macho yamevimba.

Meza yako iko tayari tangu asubuhi. Picha, ngazi, farasi, muwa wa kujikongojea, kitunguu chenye maua cha kukubebea maji, kikombe cha uji wa mahindi ya zambarau, sigara mbili ambazo tulikuwa tunajifanya hatujui kama unavuta. Nikaifunika, nikaenda chini ya paa la chama na sketi yako na karatasi yangu.

Watu wote. Kimya. Wanaume wamevua kofia zao za mgodini. Wara dirishani, vipokea sauti masikioni, kanda imekaa kwenye mashine. Bi Eduviges mbele kabisa, amevaa nyeusi mwili mzima, leso imeshatoka kabla ya machozi. Kengele ikalia. Mzee Ubaldo akasema kwenye kipaza sauti, kwa ile sauti yake ya mazishi, “Karibuni nyumbani, wapendwa wetu. Anayewapokea ni komredi Nicanor Colque.”

Na spika zikapiga kelele: PENALTIIII!

Nikajiuma midomo. Mtangazaji wa zamani anahema, umati unavuma, na Bi Eduviges anageuka huku na huku kama kuku aliyeangukiwa na beseni. Wara akanyoosha mkono kuzima. Na hapo ndipo mpango wangu ulipokutana na kitu nisichokipigia hesabu: Mzee Ubaldo akamshika mkono. Akasema acha! Acha kwanza! Penalti yangu hiyo! Akafungua dirisha lote, ili kambi isikie anavyodaka.

Mtangazaji akasema anapiga. Akasema Ubaldo anaruka kushoto. Akasema mpira unaingia kulia. Gooooli!

Mama, sijawahi kuona mtu akizeeka mbele yangu kama vile. Kicheko kilichotoka hapo nadhani kilizitisha roho zilizokuwa zimefika mlangoni. Filimbi ya mwisho ikalia. Nikaikunjua karatasi yangu. Nikapiga hatua mbele.

Spika zikasema tak. Kisha mtu akakohoa.

Nilikijua kile kikohozi kabla ya kukielewa.

“Kina mama wa kambi. Hapa ni Saturnina Condo, wa Kamati. Wanajeshi wako darajani. Msifunge milango, mkifunga wataivunja na mlango ni ghali. Kila mwenye sufuria aje nayo mbele ya redio. Tukae hapa tupike. Hawawezi kupiga risasi watu wanaomenya viazi. Wakipiga, basi waonekane wanavyopiga.”

Nyembamba, Mama! Sauti yako ni nyembamba! Miaka yote nilikuwa nakuwazia sauti nene kama ya askofu, kumbe ni sauti ya msichana mwenye mafua. Na mwishoni mwa maneno unavuta kidogo, kama unayeburuta kiti. Nilisahau unaburuta kiti!

Hakuna aliyecheka tena. Wanawake wazee waliokuwa nawe siku ile walikaa chini pale pale, kwenye vumbi, kama vile wameambiwa leo.

Ukakohoa tena. Ukasema:

“Tangazo jingine. Fortunata, mwanangu. Najua umejificha chini ya meza kwa shangazi yako, na najua kwa nini. Umebadilisha mikate kwenye tanuri. Ile yenye jani la koka ni ya kina Colque, si yetu, hata kama ni mizuri kuliko yetu. Irudishe kwa Nicanor, uombe radhi. Halafu njoo hapa. Sikupigi. Njoo upesi nikuone, kabla hawajaifunga redio.”

Kisha kanda ikaisha. Ikabaki inazunguka, ncha yake inapiga, tap, tap, tap.

Kambi nzima ilinigeukia. Wara akatazama boksi, akatazama kanda, akanitazama mimi. Akatazama vidole vyangu vyenye unga.

Bi Eduviges ndiye aliyesema. Alinijia mkono kiunoni. “Kumbe ni wewe! Mikate yetu mwaka ule! Baba alinichapa mimi, alisema nimeila peke yangu!” Nikamwambia mikate ipi, mimi sikumbuki mkate wowote. Akasema mama yako mzazi amekutaja kutoka mbinguni, kwa spika, na bado unabisha! Nikafungua kinywa. Kikatoka kilio. Naye akaanza kulia, halafu akaanza kucheka huku analia, na tukashikana mashali katikati ya uwanja kama walevi.

Nilikuwa naenda kwako, Mama. Nataka ujue. Siku ile. Nilitoka chini ya meza nikakimbia, lakini barabara ilikuwa imefungwa. Ulirudi baada ya siku nyingi, umekonda, hukuniuliza habari za mkate.

Ijumaa, 2 Novemba

Makaburini tangu asubuhi. Waliosali kwenye kaburi lako walikuwa wengi kuliko mikate ya kuwashukuru. Kila mtu anaigiza “mlango ni ghali” halafu anapiga ishara ya msalaba.

Saa sita tumekuaga. Nimekupakia farasi, nimekupa muwa. Upepo ulivuma. Nilikuwa nimejiandaa kulia sana, lakini Bi Eduviges kwenye kaburi la pili alikuwa anamlaumu baba yake kwa kipigo cha mwaka ule, kwa sauti, na hoja kwa hoja. Nilimsikiliza badala ya kulia.

Hotuba ya Nicanor ilipigwa jana alasiri, usifikiri ilisahaulika. Ndefu. Nzuri, nakiri. Wanaume walilala. Eduviges alikaa ameegemeza kichwa kwenye spika ya ndani ya studio mpaka mwisho, mkono wake juu ya ubao wake kama anampima mtu homa. Nikampelekea uji. Alipokea.

Padri Eleuterio amenipa kitubio: nioke mikate ya kina Colque mwaka mzima bila malipo, pamoja na ngazi yoyote watakayotaka, urefu wowote. Nimekubali. Nimemwomba Mungu anipe moyo safi, na tanuri pana zaidi.

Jumapili, 4 Novemba

Wara ameondoka asubuhi, atarudi. Ameniwekea sauti yako kwenye kidude kidogo kinachoingia kwenye redio ya jikoni. Nimeisikiliza wakati nakanda. Nimeisikiliza wakati nakula. Sasa naijua. Hata nikifumba macho inakuja yenyewe, nyembamba, inaburuta kiti. Moyo wangu umetulia kabisa, sina haja ya hila yoyote tena maishani.

Ila.

Tarehe nne Desemba ni Mtakatifu Barbara, sikukuu ya wachimbaji. Mzee Ubaldo ametangaza kwamba sherehe itafunguliwa kwa sauti moja kutoka kwenye kanda. Moja tu. Na Eduviges amesimama, Mama! Amesimama kabla hajamaliza! Tumelia kila mmoja kifuani mwa mwenzake juzi tu, na leo anasema ni zamu ya salamu za Krismasi za baba yake. Krismasi! Desemba tarehe nne!

Mimi sikusimama. Nimekuwa mtu mpya. Nimewaza tu, kimyakimya, kwamba ile siku ulinisema mbele ya kambi kwa sababu ulikuwa na haraka, wanajeshi wako darajani. Mama mwenye nafasi humsema mwanawe vizuri. Lazima iko kanda nyingine ambayo umenisifu. Kambi inapaswa kuisikia, kwa usawa.

Maboksi yaliyobaki yote yako kwangu. Wara ameniachia niyapashe, amesema tanuri langu linashinda mashine yake. Amesema ananiamini, halafu amefikiri kidogo, amesema ananiamini kiasi. Safari hii ameweka alama zake mwenyewe, kwa wino mwekundu. Wino ule unatoka kwa ndimu na chumvi. Nimejaribu kwenye boksi moja tu, kuona.

Mzee Ubaldo naye amepita jioni, kofia mkononi, akaulizia kama joto la tanuri huwa linazidi kwa bahati mbaya, hasa upande ilipolala kanda ya mpira. Nikamwambia mambo ya bahati mbaya yanazungumzika, kama kamati itakuwa na moyo laini mwezi wa Desemba. Tumeelewana.

Antonio nimemwekea mshumaa mpya. Nimemgeuza ukutani kidogo tu, aone sitanii.

Mama, ni hayo. Pumzika, vaa soksi, usivute sana. Nijibu upesi. Ila safari hii, tafadhali, usinitaje jina.